Nusu dola za benki: jinsi ya kuzipekua na zipi za kuweka kando

Swali: Naishi Columbus, Ohio, na wanangu wawili na baba yao. Mwenzangu kazini ghalani huchukua maboksi ya nusu dola benki, huzipekua nyumbani, huchomoa za silva na zilizobaki huzirudisha. Kijana wangu wa miaka 12 amesikia habari hizi na sasa hatulali. Baba yao anasema ni kupoteza muda. Je, ni halali? Nitaijuaje ya silva? Inalipa? Tena ninayo moja imeandikwa 1776–1976. Mtandaoni nimeona mtu anauza kama hiyo kwa dola 200. Nami nitegemee bei hiyo?

Jibu:

Dada yangu, nianze na sarafu uliyonayo mkononi, maana hapo ndipo wageni wa kazi hii wanapoumizwa. Haina miaka mia mbili. Marekani ilitangaza uhuru wake tarehe 4 Julai 1776, na ilipokaribia kutimiza miaka 200, nusu dola zilizotengenezwa mwaka 1975 na 1976 ziliandikwa miaka yote miwili. Upande wa nyuma, badala ya tai, likawekwa jengo la Independence Hall la Philadelphia, ambamo tangazo lile lilipitishwa. Ndiyo maana huwezi kukuta nusu dola iliyoandikwa 1975 peke yake. Viwanda vya Philadelphia na Denver vilitoa zaidi ya milioni 500 za aina hiyo kwa matumizi ya kawaida, za shaba na nikeli. Ikiwa imeshapita mikononi mwa watu, thamani yake ni senti 50.

Hizo dola 200 ni tamaa ya muuzaji, na tamaa haina kipimo. Ukitaka kujua soko linasemaje, tafuta bei za zile zilizokwisha kununuliwa, achana na zinazongoja mnunuzi. Ila kabla hujaiweka mezani, tazama upande wa mbele wenye sura ya Rais John F. Kennedy, chini ya shingo yake, juu kidogo ya mwaka. Ukikuta herufi S, basi ilitengenezwa San Francisco kwa ajili ya wakusanyaji, na baadhi ya hizo zina silva asilimia 40. Ukingo wake ndio utakaoamua, na habari ya ukingo nitakupa kwa urefu.

Uhalali hauna mjadala. Umebadilisha pesa yako kwa pesa nyingine, na sarafu hizo ni mali yako. Unaweza kuzitazama, kuzihifadhi au kuziuza kwa bei kubwa kuliko iliyoandikwa juu yake. Tangu mwaka 2006 serikali imekataza kuyeyusha sarafu za senti 1 na senti 5, lakini katazo hilo haligusi nusu dola za silva. Ukiuza kwa faida, faida hiyo ni pato, nayo ina mahali pake kwenye fomu za kodi.

Sasa swali ambalo hukuuliza, lakini bila jibu lake utapekua bila kujua unachokifanya: kwa nini watu wanahangaika na nusu dola, wakati senti 10 na robo dola nazo zilikuwa na silva asilimia 90 mpaka mwaka 1964?

Kennedy aliuawa Dallas tarehe 22 Novemba 1963, miezi minne baada ya Mwalimu Nyerere kumtembelea Ikulu ya Washington. Wazo la kuweka sura yake kwenye sarafu lilianza mara moja. Mjane wake, Jacqueline, alipendelea nusu dola, kwa sababu hakutaka George Washington aondolewe kwenye robo. Tatizo likawa kwamba nusu dola ya wakati huo yenye sura ya Benjamin Franklin ilikuwa imeanza 1948, na sheria ilitaka mchoro ukae miaka 25. Bunge likapitisha sheria maalumu, ikatiwa saini tarehe 30 Desemba 1963. Gilroy Roberts akachonga kichwa, Frank Gasparro akachonga tai wa nyuma, na tarehe 24 Machi 1964 sarafu ikatolewa kwa umma. Watu walipanga foleni. Waliozipata hawakwenda nazo dukani, walizifungia kabatini kama kumbukumbu ya marehemu. Viwanda vilitengeneza zaidi ya milioni 400 zenye mwaka 1964, na bado hazikuonekana kwenye biashara za kila siku.

Wakati huohuo bei ya silva ilikuwa inapanda. Tarehe 23 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoondoa silva yote kwenye senti 10 na robo dola. Nusu dola ikapewa hukumu nyepesi: silva ikapunguzwa hadi asilimia 40, ikaendelea hivyo mpaka mwaka 1970. Kuanzia 1971, zile za kutumiwa na watu zikawa shaba na nikeli tupu. Lakini kufikia hapo nchi ilikuwa imeshazoea kuishi bila nusu dola. Mashine za kuuzia vinywaji hazikuzipokea na droo nyingi za maduka hazikuwa na kitundu chake. Waliobaki kuzipenda walikuwa kasino, ambako malipo ya karata yalihitaji nusu ya dola.

Hapo ndipo penye siri yote. Robo dola hupita mikononi mwa watu kila siku, kwa hiyo za silva zilichomolewa zamani. Nusu dola hulala. Imelala ndani ya kopo la mzee fulani tangu mwaka 1968. Mzee anafariki, wajukuu wanalipeleka kopo benki bila kulichungulia, na benki inazipokea kwa senti 50 kila moja. Zinafungwa vibunda, zinakaa ghalani mpaka mtu aagize boksi. Wengi walioshika nusu dola hiyo hawakuitazama. Wewe unataka kuwa wa kwanza kuitazama, basi.

Kama wazazi wako walizaliwa Kenya, Uganda au Tanganyika, jambo hili halipaswi kukushangaza. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima, ile ya mwaka 1921 hadi 1946, ilikuwa na silva asilimia 25. Ya mwaka 1948 ina simba yuleyule na milima ileile, lakini ni shaba na nikeli. Kila serikali inapotoa silva kwenye pesa, watu huzificha za zamani na kutumia mpya.

Tuje kwenye meza yako. Kibunda kimoja cha benki kina nusu dola 20, yaani dola 10. Boksi lina vibunda 50, yaani sarafu 1,000 kwa dola 500, na uzito wake unazidi kilo 11, kwa hiyo asilibebe mtoto. Fungua kibunda, zisimamishe sarafu zote 20 zikiwa zimepangana bega kwa bega, na uzitazame kwa ubavu chini ya taa yenye mwanga mweupe. Usianze kwa kusoma miaka. Miaka inachosha macho, na ukishachoka utaruka sarafu.

Sarafu za kuanzia 1971 zina tumbo la shaba tupu lililofunikwa kwa nikeli na shaba pande zote mbili, kwa hiyo ukingo wake una mstari mwekundu wa kahawia unaoonekana hata kwa mtu aliyesimama. Ya silva asilimia 90 haina mstari wowote. Ukingo wake ni mweupe mzima, mara nyingine umefifia na kuwa wa kijivu. Akikutokea huyo katikati ya wenzake 19 wenye mstari mwekundu, hutahitaji mtu akuambie.

Asilimia 40 ndizo zinazosumbua wanaoanza, na ndizo utakazozikuta mara nyingi kuliko nyingine za silva, kwa sababu kati ya 1965 na 1969 zilitengenezwa zaidi ya milioni 800. Nje yake ni tabaka lenye silva asilimia 80, ndani ni mchanganyiko wenye shaba nyingi na silva kama asilimia 21. Ukingo wake kwa hiyo hauna wekundu ule mkali, lakini si mweupe safi pia. Ni wa kijivu, na ukiuzungusha chini ya taa utaona kivuli chembamba cha kahawia. Kuna sarafu za shaba na nikeli zilizochakaa ambazo mstari wake umefifia zikafanana na hizi. Kwa hiyo ukingo ukikutia shaka, geuza usome mwaka. Ikiwa ni 1970 au kabla yake, weka kando bila mjadala. Ikiwa ni 1971 au baada yake, mara nyingi ni uchafu tu, lakini usiitupe kabla hujaipima.

Nunua mizani ndogo inayosoma hadi sehemu moja ya mia ya gramu. Haina gharama kubwa, na hii ndiyo zana pekee ninayokuomba ununue. Ya silva asilimia 90 ina gramu 12.50 ikiwa mpya, ikichakaa hushuka kidogo. Ya asilimia 40 ina gramu 11.50. Ya shaba na nikeli ina 11.34. Unaona kwamba kati ya hizi mbili za mwisho tofauti ni ndogo sana, ndiyo maana mizani ya jikoni haitoshi. Na sumaku isikudanganye: hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayoshikwa na sumaku. Ikishikwa, basi hiyo si pesa halali.

Ukishachambua silva, usikimbilie kuzifunga upya. Wapekuaji wengi huishia kwenye ukingo, na hapo wanarudisha benki sarafu ambazo mkusanyaji angezihitaji. Mimi nikipewa kuchagua, ningependa kijana wako ajue miaka kuliko ajue bei ya silva.

Mwaka 1987, nusu dola za Philadelphia na Denver zilitengenezwa kwa ajili ya seti za wakusanyaji tu, chini ya milioni 3 kwa kila kiwanda. Ukikuta ya 1987 ndani ya kibunda, kuna mtu aliyevunja seti akaitumia kununua soda. Kuanzia 2002 hadi 2020 hali ikawa hiyohiyo mwaka baada ya mwaka: kiwanda hakikuzipeleka benki kabisa, kiliziuza moja kwa moja kwa wakusanyaji kwa bei ya juu kuliko thamani iliyoandikwa. Nazo huingia benki kwa mlango wa nyuma, mtu anapokosa hela au anaporithi asichokijua. Zilizokwaruzika hazizidi senti 50 kwa kitu cha maana, lakini zinazong'aa weka. Kuanzia 2021 zinatolewa tena kwa matumizi ya kawaida, kwa hiyo ukifungua boksi ukakuta zote mpya za mwaka mmoja, usizimalizie jioni yako. Hazina cha kupekua.

Halafu herufi za viwanda. P ni Philadelphia, nayo kwenye nusu dola ilianza kuandikwa mwaka 1980. Kabla ya hapo sarafu isiyo na herufi kwa kawaida ni ya Philadelphia. D ni Denver. S ni San Francisco, na S yoyote kuanzia 1968 ilitengenezwa kwa wakusanyaji, nyingi zikiwa zile za kung'aa kama kioo ziitwazo pruufu. Weka kila S. Na kila S ya kuanzia 1992 tazama ukingo wake, kwa sababu tangu mwaka huo San Francisco hutoa pruufu za aina mbili, za kawaida na za silva. Mahali pa herufi nako kuna historia: kwenye sarafu ya 1964 iko upande wa nyuma, karibu na mguu wa tai ulioshika tawi, miaka 1965 hadi 1967 haipo kabisa, kuanzia 1968 imehamia mbele, chini ya shingo ya Kennedy.

Mwaka 1970 unastahili sentensi yake. Nusu dola ya 1970 yenye D haikutolewa kwa matumizi ya kawaida, iliwekwa kwenye seti tu, na zipo milioni 2.15. Ina silva asilimia 40, na thamani yake kwa mkusanyaji inazidi silva iliyomo. Iweke mbali na nyingine zisije zikaikwaruza.

Kuna na wakubwa wake, wa kabla ya Kennedy. Franklin, aliyetengenezwa 1948 hadi 1963, ana kengele yenye ufa upande wa nyuma na tai mdogo sana pembeni, aliyewekwa hapo kwa sababu sheria ilidai nusu dola iwe na tai. Kabla yake, 1916 hadi 1947, ni mwanamke wa Uhuru anayetembea kuelekea jua linalochomoza, amejifunika bendera na kunyoosha mkono. Adolph Weinman ndiye aliyemchonga, nami sijaona sarafu ya Marekani iliyo nzuri kuliko hiyo. Hata iliyolainika mpaka sura haionekani, hatua ile ya mguu bado ipo. Zote hizi ni silva asilimia 90. Kwa mwanamke anayetembea, chunguza mwaka kwa kioo cha kukuzia: za 1921 ni adimu katika viwanda vyote vitatu, Denver ikiwa na 208,000 tu, na ya 1938 yenye D haikufika hata nusu milioni. Je, utazikuta kwenye boksi? Usizitegemee, lakini macho yako yazijue, maana zinatokea.

Kasoro za kiwandani ni bahari yenyewe, nami nitakutajia tatu tu zinazoonekana bila darubini. Upande wa nyuma wa nusu dola ya Kennedy, kati ya mguu wa tai na mkia wake, kuna herufi mbili ndogo, FG, za Frank Gasparro. Katika baadhi ya sarafu za 1972 za Denver na za 1982 za Philadelphia herufi hizo hazipo, kwa sababu muhuri wa chuma ulisuguliwa kupita kiasi. Pili, baadhi ya za 1974 zenye D zina maneno IN GOD WE TRUST yaliyorudiwa, kana kwamba kila herufi ina kivuli chake. Tatu, zipo chache za 1971 na 1977 zenye D zilizochapwa kwa bahati mbaya kwenye vipande vya silva asilimia 40. Ndiyo maana nikasema usitupe sarafu yenye ukingo wa mashaka kabla ya kuipima. Ukikuta inayosoma 11.50 na haina mstari mwekundu, usiiuze kwa mtu yeyote kwa haraka. Ipeleke kwa kampuni za uthibitishaji kama PCGS au NGC. Mikwaruzo, matobo, rangi na dhahabu ya kupakwa si kasoro za kiwandani, ni maisha ya sarafu baada ya kutoka kiwandani, na hayaongezi thamani. Ila ile iliyopakwa dhahabu isome mwaka, kwa maana chini ya rangi hiyo inaweza kuwa ya 1964.

Benki nayo ina adabu zake. Uwe na akaunti hapo. Nenda wakati foleni ni fupi, usimkute keshia Ijumaa ya mshahara. Usianze na boksi. Uliza kwanza kama wana nusu dola zozote kwenye droo, hata tano, na kama kuna vibunda vilivyoletwa na wateja. Hizi za droo na za vibunda vya kufungwa kwa mkono ndizo ninazozithamini kuliko zote, kwa sababu zimetoka moja kwa moja kwenye kopo la mtu. Za boksi zimeshapita kwenye ghala na mashine za kampuni ya kusafirisha pesa, na nyingi zimerudishwa na wapekuaji wengine. Keshia akikujua na kukupenda atakuwekea zinazoingia, kwa hiyo msalimie, mwambie wazi unakusanya na mwanao, na umshukuru hata siku anapokuambia hakuna. Baadhi ya matawi hayaagizi maboksi au hutoza ada. Usibishane nao, nenda kwingine.

Kurudisha ndiko kuzito kuliko kupekua. Sarafu karibu 1,000 zilizobaki haziliki, na hakuna duka litakalofurahi kuziona zote kwa pamoja. Usizirudishe tawi lilelile lililokuagizia. Kwanza unawajazia droo kitu ambacho hakuna mteja anayekitaka, na wanalazimika kukifunga na kukisafirisha tena. Pili, kesho wanaweza kukupa sarafu zako mwenyewe. Fungua akaunti ya pili kwenye taasisi yenye mashine ya kuhesabia sarafu isiyotoza wanachama, na hiyo iwe ya kurudishia tu. Wapo wanaotia alama ya wino kwenye kila sarafu waliyoipekua ili wazitambue zikirudi. Mimi sikubaliani na tabia hiyo. Unachafua sarafu ambayo mtoto mwingine angeiweka kwenye albamu.

Tuzungumze pesa, maana baba watoto anasubiri. Sarafu ya asilimia 90 ina aunsi 0.3617 ya silva safi, ya asilimia 40 ina 0.1479. Chukua bei ya silva ya siku hiyo, zidisha. Tuseme silva iko dola 30 kwa aunsi: ya kwanza ina silva ya dola 10.85, ya pili dola 4.44. Duka la sarafu litakupa pungufu, na kwa za asilimia 40 litapunguza zaidi kwa sababu kuitenganisha silva hiyo na shaba kuna gharama. Sasa weka upande wa pili mafuta ya gari na saa zako. Unaweza kufungua boksi zima usikute hata moja. Januari 1980 bei ya silva ilikaribia dola 50 kwa aunsi, na sarafu nyingi mno ziliyeyushwa. Tangu hapo kila mwaka wapekuaji wanachomoa na hakuna anayerudisha. Kwa hiyo mume wako ana haki akisema si ajira. Ukitafuta kipato cha pili, chukua zamu ya ziada ghalani.

Lakini asiseme unapoteza pesa, kwa sababu mtaji wako hauendi popote. Kila nusu dola usiyoitaka inarudi kuwa senti 50. Ni michezo michache ya watu wazima ambayo ukikosa unarudishiwa kiingilio chote. Masharti yangu ni mawili. Usitumie kadi ya mkopo kuchukua pesa taslimu za kununulia sarafu, kwani riba yake huanza siku hiyohiyo na silva ya boksi haitailipa. Na pesa ya kutuma nyumbani, ile ambayo mama anaisubiri mwisho wa mwezi, isiguswe hata kwa wiki moja. Dola 500 zikiwa nyingi, anza na vibunda vitano. Dola 50 zinatosha kabisa kwa jioni nzima na kijana.

Huyo kijana mpe albamu ya kadibodi yenye matundu ya nusu dola za Kennedy kuanzia 1964. Ataijaza kwa zile za kawaida, kila mwaka na kila kiwanda, na nyingi zitamgharimu senti 50. Atagundua mwenyewe kwamba ya 1975 haina tundu lake, na atauliza kwa nini. Hapo utamwonyesha ile yako ya 1776–1976. Mfundishe kushika sarafu kwa ukingo, vidole visiguse uso, na amri moja isiyo na msamaha: hakuna kusafisha. Si kwa ndimu, si kwa majivu, si kwa dawa ya meno. Weusi unaoota juu ya silva kwa miaka mingi wakusanyaji wanauheshimu, na sarafu iliyosuguliwa ikang'aa hupoteza sehemu kubwa ya bei yake siku hiyo.

Mkishapata za kutosha na mkataka kuuza, zitenganisheni mafungu matatu kabla ya kwenda dukani: asilimia 90, asilimia 40, na zile za wakusanyaji kama 1970 yenye D, Franklin nzuri na yoyote yenye mwaka adimu. Mafungu mawili ya kwanza yanauzwa kwa uzito wa silva, kwa hiyo uliza maduka mawili au matatu siku hiyohiyo, maana bei ya silva hubadilika kila saa. Fungu la tatu liuze moja moja, ukiwa umeshajua kila sarafu ni ipi, na usikubali lizamishwe ndani ya mafungu mengine kwa bei ya jumla. Za asilimia 40 zikiwa chache, zikae nyumbani mpaka zifikie idadi ambayo duka litaona inafaa kuhesabu.